Mama Yangu Aliitwa Yaya Kwenye Hoteli ya Wachina

Marahaba wanangu, najua wengi mtaniamkia. Admin, jina langu lifiche, na la mzee wangu pia, ingawa yeye hastahili kufichwa. Mimi ni bibi wa miaka sabini na nne, mwalimu mstaafu, Mnyaturu. Naishi na mume wangu huku Ikungi. Mwezi ujao tunatimiza miaka hamsini ya ndoa na watoto wametuandalia sherehe. Mimi siitaki, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Nianze mwanzo. Enzi za Ujamaa mume wangu alikuwa ofisa wizarani, Dar es Salaam. Mchana anazunguka kuhubiri usawa, binadamu wote ni sawa, kila mtu anamwita ndugu. Nikajifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji, nikawa siwezi hata kuinua ndoo. Mama yangu akatoka Sepuka kuja kunisaidia.

Sasa kwetu, wale wa zamani, mkwe ni mtu wa heshima kubwa. Mama mkwe hali chakula na mkwe wake wa kiume, hamtazami usoni, wala hapokei tonge kutoka mkononi mwake. Mama alikuwa akisikia mlango wa mbele unafunguliwa, anatokea wa nyuma. Chakula chake alikula jikoni, na alikuwa na raha zake tu.

Siku moja mkubwa wa mume wangu akatualika chakula cha jioni kwenye hoteli ya Wachina, ile ya watu wazito wa wakati huo. Mume wangu alikuwa anasubiri cheo kutoka kwa huyo mkubwa, basi akapania kweli. Akasema mama aje ashike mtoto. Mama akakataa, akaniambia kwa Kinyaturu, "Nikae meza moja na mkwe? Unataka nife kwa aibu?" Nikamfikishia mume wangu. Akacheka. "Mwambie mama hayo ni ya kizamani. Hii ni nchi mpya!" Basi mama akavaa khanga zake mpya, akaja kwa ajili yangu tu, kwa sababu nilimbembeleza.

Mle ndani kulikuwa na taa nyekundu na vitambaa vyeupe. Meza ni ya duara, juu ina kioo kinachozungushwa, kila mtu anachota humo humo. Mama akakaa, macho chini, mtoto mapajani. Yangeishia hapo wala nisingeandika. Lakini mume wangu, kwa kutaka kumwonyesha mkubwa wake jinsi alivyostaarabika, akachukua kijiko alichokuwa analia chakula, akachota nyama ya bata, akanyoosha mkono mpaka kwenye bakuli la mama yangu. "Kula mama, kula!"

Mama akajifunika khanga uso mzima. Akainuka, akageuza kiti, akakaa ametazama ukuta.

Mke wa mkubwa akauliza, "Vipi, huyo mama anaumwa?" Jamani, mume wangu alikuwa na maneno elfu ya kusema. Angesema ni mama mkwe wangu, ndiyo mila yetu, wangeelewa. Mtu mzima akajichekesha, akajibu kwa Kiswahili safi kabisa, "Aa, huyo ni yaya tu, tumemtoa kijijini juzi. Bado mshamba." Wakacheka wote. Mkubwa akamwita mhudumu, akamwambia yaya apelekwe akale jikoni. Mama yangu akanyanyuka na mtoto, akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake akapanda treni mpaka Manyoni, akatafuta basi la Singida. Hakukanyaga tena kwangu mpaka anakufa. Cheo mume wangu alikipata. Kimemfaa nini? Amestaafu, anakaa barazani anagombana na kuku wangu!

Na mngefikiri anajuta. Wapi! Amekigeuza kichekesho. Watoto wote wamekua wakisikia kisa cha yaya mshamba aliyeogopa bata wa Wachina. Hawajui yaya huyo ni nani. Jumapili iliyopita walikuja, binti yangu mkubwa akasema, "Mama, tumeshalipia meza ya sherehe kwa Wachina Dodoma, Baba atusimulie pale pale kisa cha yaya!" Mzee akainuka, akavuta khanga yangu kwenye kamba, akajifunika, akageukia ukuta. Wakacheka mpaka machozi. Aliyecheka kuliko wote ni huyo binti. Yeye ndiye mtoto aliyekuwa mapajani siku ile. Nilimpa jina la mama yangu.

Nilitamani nimpasue mzee na mwiko. Nikaingia ndani nikajifungia.

Mtaniambia niwaambie watoto ukweli. Nimejaribu mara mbili wiki hii kumpigia binti, nakata kabla hajapokea. Kwa sababu namjua, ana ulimi wa bibi yake. Swali la kwanza ataniuliza, "Na wewe Mama ulisema nini?"

Sikusema kitu. Nilikaa pale pale. Kioo kikazunguka, samaki akafika mbele yangu, nikachota, nikala. Tulipotoka nilimkuta mama nyuma ya jikoni, amekaa juu ya kreti la soda, mtoto amelala, sahani yake haijaguswa. Akaniambia, "Yule ni mtoto wa watu, simlaumu. Wewe ndiye niliyekuzaa."

Nishaurini, wanangu. Nikae tena kwenye meza ile ya kuzunguka nimezee kama mwanzo, au nisimame niwaambie yaya alikuwa nani, na nani alikuwa anakula samaki?