Ghorofa ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake hauna breki. Pale kibarazani tunaposhonea tumembandika jina la Mwenyeji, kwa sababu hapiti mteja bila kuambiwa kwamba yeye ni mwenyeji wa mji wa kale, tena mzaliwa wa ghorofani. Mtu kaja kupunguziwa suruali kiunoni, anaondoka na habari za dirisha la juu na marehemu bibi yangu akimwonya mwanawe kila asubuhi: "Usishuke!" Walihama kule Shangazi hajang'oa hata jino moja la utoto, na baba yangu alizaliwa baadaye, huku huku. Kwa hiyo hakuna wa kumkanusha.

Hakuna isipokuwa Bi Shaka. Huyo cherehani chake kinatazamana na cha Shangazi, na neno lake ni moja: "Ghorofa hiyo nina shaka nayo."

Juzi mafundi wote tulifunika vyerehani tukaenda kuutembelea huo mji. Kituoni alitujia kijana anayeongoza wageni. Shangazi alimtazama tangu kofia hadi viatu.

"Unionyeshe mimi kwetu?"

Kijana akaenda kutafuta watu wenye akili. Shangazi akatugeukia. "Nisipowafikisha mlangoni kwetu leo, msiniite Mwenyeji tena."

"Mashahidi mmesikia," alisema Bi Shaka.

Mji wenyewe mzuri, sikatai. Vichochoro vyembamba, kuta nene, ngome kubwa upande mmoja, na barabara zimenyooka kama meza ya pasi, hakuna pa kupanda wala kuteremka. Tatizo ni kwamba tulipita kwa kinyozi mmoja mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Karibuni wageni." Mara ya pili, "Karibuni tena." Mara ya tatu aliinua mkasi tu, kama anavyosalimiwa jirani. Viatu vilikuwa vinanitafuna, nami nilikuwa nimeanza kuichukia historia.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," Bi Shaka alisema, akipangusa jasho. "Leo namtetea Mwenyeji. Hii haiishi."

Mwishowe Shangazi alimeza fahari yake akamuuliza kinyozi zilipo nyumba za ghorofa za zamani.

"Pandeni tu hapo mbele, mtaziona," alisema kinyozi.

Tupande wapi? Tulitazama mbele, bapa. Kitu pekee cha kupandwa mtaa mzima kilikuwa ngazi, ndani ya mlango uliokuwa wazi. Shangazi akaziona, macho yakamng'aa. "Ngazi zetu hizi," akasema, akapanda. Nasi kwa ujinga wetu tukamfuata, msafara mzima, tukatokea chumbani kwa watu.

Mwenye nyumba alikuwa amejifunga taulo, nusu ya ndevu zimenyolewa, nusu bado zimo kwenye povu. Mkewe alikuwa anatandika. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa ghorofani. Shangazi, macho makavu, alinyoosha kidole. "Kitanda cha mama kilikaa hapa."

"Mama," alisema yule bwana kwa upole, wembe mkononi, "juu ya kitanda hiki alizaliwa babu yangu."

Tulieleza, tukaomba radhi, tukaeleza tena. Mkewe aliposikia habari ya kinyozi alicheka mpaka akakaa.

"Jamani, hapa kwetu kupanda ni kwenda upande wa ngomeni. Kushuka ni kwenda kisimani. Ndivyo tunavyosema tangu zamani, mlima hakuna. Mtoto akitoka kucheza tunamwambia, usishuke, utatumbukia."

Bi Shaka akaanza kutabasamu. Kisha akamtazama Shangazi, tabasamu likamkauka.

Shangazi alikuwa ameshika nguzo ya kitanda cha watu. "Usishuke," alirudia polepole. "Mama alikuwa ananiambia usishuke. Mimi nikajua ni ngazi."

"Basi ninyi mlikuwa watu wa jirani na kisima," alisema yule mama. "Kule kwenye vinyumba vya chini."

Tulikwenda. Vilikuwa vinyumba vifupi vimeegemeana, mabati yake mtu mrefu anayagusa, na hakuna hata kimoja chenye ngazi. Shangazi alipita akivigusa ukuta kimoja kimoja, kama anayepapasa kitambaa kutafuta upande wa juu. Hakujua kipi ni chao. Ghorofa aliyotujengea miaka yote ilikuwa imeanguka mbele ya mashahidi, naye akalia bila kujificha. Nilimwonea huruma hata miguu nikaisahau. Tulimtazama Bi Shaka, maana ilikuwa zamu yake ya kusema, na alikuwa ameingoja kwa muda mrefu.

Bi Shaka alikohoa. "Mwenyeji," alisema, "mimi nina kiu. Maji tupande au tushuke?"

Shangazi alitazama barabara upande huu na upande ule, bapa kote. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Tushuke," alisema. "Wa kunikataza hayupo tena."

Akatangulia, nasi tukamfuata.