Dirisha la Bibi Sunja

Harufu ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na vitunguu saumu ilinipokea kila Jumamosi kabla mlango haujafunguliwa. Bibi Sunja, mjane wa Kikorea, alikaa fleti iliyoelekeana na yetu kule ughaibuni, Woolwich. Mama yangu, muuguzi aliyetoka Tanga, alikuwa na zamu siku hiyo, kwa hiyo nilishinda kwa Bibi tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi, nimeshikwa na wazimu wa tamthilia za Kikorea, naye akaona afadhali anifundishe lugha yenyewe kuliko kuniacha nibweteke mbele ya televisheni. Tulisomea jikoni, karibu na boila, mtambo kuukuu wa gesi wa kupasha nyumba joto, ulionguruma kama paka mgonjwa, na dirisha lilikuwa wazi daima, hata barafu ilipotanda kwenye vioo vya magari. Nilitetemeka ndani ya koti. Kulifunga sikuruhusiwa.

Sababu niliijua tulipofikia somo la mambo ambayo yangalikuwa lakini hayakuwa. Kwa Kiswahili, nilimweleza, tunapachika "ngali" katikati ya kitenzi. Wakorea, akanijibu, hutia "deoramyeon" mwishoni. Akaandika mfano taratibu: changmuneul yeoreotdeoramyeon, yaani kama ningalifungua dirisha. Nusu ya pili hakuiandika, aliisema tu. "Mdogo wangu angalikuwa hai." Utotoni mwao walipasha nyumba moto kwa makaa; hewa yenye sumu ikajaa chumbani wamelala, akaamka yeye peke yake. Niliinakili sentensi ile mara tano kwa mwandiko mzuri, nikijivunia sarufi yangu.

Jumamosi iliyofuata theluji ilianguka. Bibi alipokwenda chumbani kutafuta miwani, nililifunga dirisha na kushusha pazia. Aliporudi aliuliza kama liko wazi. Nikasema ndiyo. Tukaendelea na somo. Muali wa boila, ambao siku zote ulikuwa wa buluu, ulikuwa wa manjano, nami niliuona unapendeza. Baadaye herufi zilianza kunichezea machoni. Bibi alilalamika kwamba kichwa kinamgonga, akalaza shavu juu ya daftari langu. Nilidhani amechoka. Nilipomtikisa, mkono wake ulidondoka kando ya kiti. Nilitambaa hadi nje ya mlango, nikatapika, na hapo ndipo mama aliponikuta, amerudi mapema kwa sababu ya theluji. Alijiziba pua kwa mtandio, akaingia kumburuta Bibi nje.

Bibi alipona, lakini si kama alivyokuwa. Siku ya tatu nilipelekwa wodini. Kiingereza kilikuwa kimemtoka kabisa. Alinishika kiganja, akaniambia kwa Kikorea, polepole ili nielewe, "Ningalikumbuka kufungua dirisha, usingaliugua." Nilielewa kila silabi. Sikumwambia kwamba ni mimi niliyelifunga. Mwezi haukuisha, mwanawe akamhamishia kwake, mji mwingine.

Leo nina jiko langu, lenye kengele darini ya kugundua hewa yenye sumu, na binti wa miaka kumi anayeelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja, yalikuja palepale wodini, yakakua pamoja nami. Mwezi uliopita nilimweleza mama yote. Akaniambia kwamba Bibi alikwisha kufariki. Mwana wa Bibi ndiye aliyempigia mama simu.

"Aliishi nyumba moja na wajukuu wawili," mama alisema. "Hakukubali hata siku moja kuachwa nao peke yake. Alisema yeye ni mtu wa kusahau."