Jina Chini ya Lipu

Saa moja asubuhi, Alhamisi ya mwisho ya Septemba. Emery Mwamba amesimama usawa wa ghorofa ya nne, juu ya jukwaa la mabomba, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale wa Stockholm. Mbele yake kimebaki kiraka cha matofali matupu, upana wake kama mlango. Chokaa iko tayari kwenye ndoo na mwiko uko mkononi, lakini hapigi lipu. Anautazama ukuta kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

"Hii ndiyo tofali ya mwisho," anasema. "Nikishafunika hapa, tunangoja ikauke, jukwaa inashuka, na mimi naenda zangu."

Emery, mwenye umri wa miaka 51, ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kuzipiga lipu nyumba hizi kongwe. Baadhi zina karne nne, na zile za upande wa bandari zimeinama kwa sababu zilijengwa juu ya ardhi ya kujaziwa. Hazipatani na saruji, kwa kuwa saruji huzifungia unyevu ndani. Zinataka chokaa, tabaka jembamba juu ya tabaka, na kila tabaka lina subira yake. Aliyesema haraka haraka haina baraka, bila shaka alikuwa fundi wa chokaa.

Jioni hupanda treni kurudi Tensta, kwenye maghorofa ya zege yaliyojengwa enzi Sweden ilipoamua kujenga nyumba milioni moja ndani ya miaka kumi. "Mchana niko kwa nyumba za matajiri wa zamani, jioni niko kwa zege," anacheka.

Kicheko hakidumu. Nyumbani kwake kuna viti vinne na mkaaji mmoja. Binti yake wa pekee, Arielle, 19, anasomea uuguzi Umeå, zaidi ya saa sita kwa treni. Akipigiwa simu kwa Kiswahili hujibu kwa Kiswidi, na maongezi huisha upesi.

"Kuna juma inapita sijaongea na mtu," Emery anasema, "isipokuwa habari ya ukuta."

Mafundi wa kikosi chake wana desturi moja. Kabla ya kufunika tofali, kila mtu huandika juu yake jina lake na mwaka. Mara ya kwanza Emery alipopewa penseli, aliitupa, akashuka ngazi na kwenda zake nyumbani. Alidhani wanamtakia kifo.

"Kwetu, jina ya mtu inaandikwa kwa simenti akishakufa," anaeleza. "Nikajiuliza, hawa watu nimewakosea nini?"

Msimamizi wake, Filip, alimfuata hadi Tensta kumwomba radhi. Walikunywa chai, wakacheka mpaka machozi, lakini penseli Emery hakuishika. Hadi leo amemaliza kuta kumi na nne, na hakuna hata mmoja wenye jina lake.

Kisha Mei mwaka huu, wakibandua lipu ya zamani ya nyumba hii, wakakuta maandishi kwenye tofali: A. Lund, 1887. Filip alivua kofia yake ngumu, akalisoma jina kwa sauti. Wenzake wakalirudia.

"Mtu alikufa zamani sana, na watu sita wanamwita asubuhi moja," Emery anasema. "Ile siku sikulala."

Naye ana marehemu wake. Mkewe, Léontine, alifariki kwa malaria katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na sita iliyopita, Arielle akiwa na miaka mitatu. Alizikwa chini ya msalaba wa mti. Mchwa waliumaliza kabla baba na mtoto hawajapata safari ya Sweden, na sasa hakuna anayeweza kuonyesha kaburi lilipo.

Kila Novemba Waswidi huwasha mishumaa makaburini. Kutoka dirishani kwake Emery huona mwanga wa makaburi ya kanisa la Spånga. Mwaka juzi Arielle alisimama naye hapo, akauliza kwa Kiswidi: "Baba, na sisi tuwashe wapi?"

"Ile swali ninatembea nayo mpaka leo," anasema.

Filip anapanda ngazi. "Emery, vipi? Chokaa inaanza kuganda."

Emery anaweka mwiko chini. Anachomoa penseli ya seremala mfukoni, na polepole, kwa herufi kubwa, anaandika: LÉONTINE.

"Ni nani?" Filip anauliza.

"Mama Arielle."

Filip anavua kofia. Anasoma jina lile kwa sauti, na mafundi walio ngazi za chini wanaliitikia mmoja mmoja. Emery analia waziwazi, mkono umeshika bomba la jukwaa. Kisha anapiga picha kwa simu, anamtumia binti yake, anachota chokaa na kuanza kufunika.

Saa nne kasoro simu inaita. Arielle hana kawaida ya kupiga siku ya masomo. Anasema kwa Kiswahili chake cha utotoni: "Baba, Novemba ninakuja."

Emery amekwishapanga watakachofanya. "Nitamusimamisha pale chini," anasema, akionyesha kichochoro kwa ncha ya mwiko. "Nitamwambia: hesabu gorofa nne, dirisha ya pili toka kushoto. Mama yako yuko pale. Sasa washa."