Kifaransa kwa Mahadhi ya Chuoni

Sauti ya chuoni kwetu Bagamoyo, tulikosomea Kurani, ilianza mchana, jua likiwa bado linauma. Watoto tumejipanga mkekani, tunayumba mbele na nyuma, "alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhuma u," na chumba kizima kinanuka mafuta ya nazi ya vichwani mwetu. Ndivyo nilivyojua kusoma, silabi moja moja. Basi kidato cha kwanza tulipokutana na Kifaransa, wenzangu walilia, mimi nikakitia mahadhi ya mkekani. Nous par-lons, mapigo mawili. Vous par-lez, mawili. Ils parlent, pigo moja tu, maana ule mkia wa herufi huandikwa lakini hautamkwi. Hapo nafumba mdomo na kujipiga goti kwa kiganja. Mwalimu wetu, dada mcheshi aliyehamia kutoka Lugoba, alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanaidi," akasema, "wewe ndiye utakayetuwakilisha Dar."

Mashindano ya kusoma Kifaransa, na mimi safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Mapinga kwa shangazi! Sikuifurahia peke yangu. Nilimfundisha Zuhura, binti wa mama mdogo, niliyesoma naye darasa moja na kulala naye kitanda kimoja. Kila alasiri tulikaa ukumbini, tunayumba, tunajipiga magoti, je parle, tu parles, mpaka mama akatufukuza tukachote maji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami mjinga nilidhani wanasema chawa.

Safari ilipokaribia, Zuhura alikwenda kwa Maalim wetu wa chuoni akamwambia kuwa naikejeli Kurani, naimba mambo ya Wazungu kwa mahadhi yake. Wallahi sikugusa hata aya moja! Maalim akaja kwa baba. Baba alikuwa mtu wa kuona haya upesi, hakuuliza mara mbili. "Kifaransa basi. Na Dar huendi." Nilimtazama Zuhura aseme neno. Akainamia sahani yake, akachambua miiba ya samaki. Akaenda yeye Dar, na mtandio wangu mpya kichwani. Aliporudi na zawadi alipigiwa vigelegele, na mama yangu naye alipiga.

Siku hizi watoto wa hapa hutamkiwa Kifaransa na simu, wala hawahitaji mkeka wala ndugu. Zuhura anatembeza wageni kwenye magofu ya Kaole, mtu mzima mwenye heshima zake. Idi iliyopita alikuja nyumbani, akaniuliza mbele ya watu, huku anacheka, "Dada, yale ya utoto si yameisha?" Mama akanikazia macho. Nikasema yameisha.

Hayajaisha. Miaka yote ile baba hakunikalisha tena karibu yake nimsomee Kurani, na Zuhura alikuwa humo humo nyumbani, anaona. Neno lake moja lingetosha. Baba amezikwa akiamini kwamba bintiye aliyachezea maneno ya Mungu.