Begonia ya Bafuni

Shemeji yangu, fundi saa, alikuwa mtu wa kawaida mpaka siku aliporudi kutoka msituni na begonia ndani ya kofia. Aliikuta jabalini, penye maporomoko ya maji, imejiotea peke yake: majani ya kijani yenye madoa ya fedha, kwa chini mekundu kama ulimi. Akaapa kwamba hakuna anayeijua duniani. Kwa kuwa ilipenda unyevunyevu, akaiweka bafuni, na tangu hapo bafu likawa lake yeye na mche wake.

Dada yangu, mkewe, alivumilia mengi. Watu wa nyumba ile walioga wameipa begonia mgongo, povu la sabuni lisije likairukia. Mgeni, kabla hajapewa hata kiti, alivutwa bafuni kutazama majani. Jani likidondoka, shemeji alilitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, maana begonia huchipua hata kwa kipande cha jani, naye hakutaka jirani yeyote apate. Ukimwomba, anakutazama kana kwamba umemwomba figo.

"Itaitwa kwa jina langu," aliniambia. "Nikifa, litabaki vitabuni."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Maisha yake yote alikuwa akifungua saa za watu, na wateja wakimwita "we fundi" basi. Nilimcheka sana, lakini roho iliniuma kidogo.

Ilipochanua, akamwita mtaalamu wa mimea. Mama yule alipasua ua la kike kwa wembe, akachungulia vyumba vya mbegu, akatikisa kichwa. Hakuwa na hakika. Ilibidi apeleke sampuli iliyokaushwa, ailinganishe na zile zilizobandikwa kwenye karatasi kazini kwake.

"Nipe kitawi chenye maua, fundi," alisema. "Na jani moja bichi, tukalioteshe bustanini kwetu."

"Jani bichi halitoki humu!" shemeji aling'aka. "Mkiliotesha, kesho liko kwenye kila dirisha. Kausha mche wote, na mizizi yake. Ulishaona wapi bwana harusi akapigwa picha ya mkono mmoja tu?"

"Baba watoto, una wazimu?" dada akadakia. "Sasa utabaki na nini?"

"Nitabaki na jina."

Mtaalamu alimsihi weee, akagonga mwamba. Shemeji mwenyewe aliulaza mche kati ya magazeti, akakaza mbao za kubania mpaka maji ya majani yakachuruzika. Dada alifuta sakafu. Mimi nilitoka nje, sikuweza kutazama.

Simu ya majibu ilipoingia, shemeji aliifungulia sauti ili sote tusikie, na majirani pia.

"Hongera, fundi!" Mtaalamu alikuwa akihema kwa furaha. "Jina inalo, ilipewa zamani za mababu zetu. Lakini tangu hapo hakuna aliyeiona tena, tulidhani imetoweka kabisa. Kumbe ipo! Tumetuma watu kule jabalini ulikoitoa, hawakuambulia kitu. Sasa niambie, unayo nyingine? Hata jani tu?"

Shemeji alimtazama mkewe.

"Ipo," shemeji alisema. "Ipo hapo kwenu, kwenye karatasi."