Habari Iliyokomea Mlangoni

Mimi ni mtu nisiyejua kukaa. Mke wangu husema nilizaliwa nimesimama. Mwaka vita vya pili vya Kongo vilipoanza, tabia hiyo ilizidi mpaka ikawa kama ugonjwa. Mji wetu wa Kamina ulijaa askari na watu waliokimbia kutoka kaskazini. Treni zilizokuwa zikija kwa saa zake sasa zilikuja kwa bahati, na zikija zilikuwa zimebeba bunduki, si abiria. Mimi, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, nikawa kiguu na njia kati ya nyumba, shule na stesheni, nikiuliza habari ambazo hakuna aliyekuwa nazo.

Darasani hatukuwa na kitu. Hadubini yetu moja ilikuwa imekwenda na waporaji miaka michache nyuma, pamoja na vioo vya madirisha. Nikaona nitumie mayai. Nilimlaza kuku katika kona ya stoo ya shule, nikaandika tarehe kwa penseli juu ya kila yai, na kila baada ya siku mbili au tatu nilivunja moja ndani ya sahani mbele ya wanafunzi. Siku ya tatu waliona tone la damu linalopiga, ndio moyo. Siku ya tano waliona vijipu vinne vidogo ubavuni, nikawaambia hivyo vitakuwa mabawa na miguu. Siku ya nane mguu ulikuwa bapa kama kijiko, vidole vimeanza kuonekana lakini vimeshikana kwa ngozi. Kuanzia siku ya kumi na kuendelea vilikuwa vimeachana.

Nilipenda somo lile kuliko yote. Niliwaambia kwamba chembe za mwili zote zinaanza zikiwa karibu sawa, na kinachozifanya ziwe kidole gumba au kidole cha mwisho ni habari zinazopewa na jirani zake. Mtu anapokaanga makayabu uani, nilisema, nyumba ya karibu inapata harufu kali, ya pili inapata kidogo, ya tatu inahisi tu kwamba kuna samaki mahali. Ukingoni mwa mguu unaochipuka pia kuna chembe zinazotoa kitu kama harufu hiyo. Chembe iliyo karibu inajua kwamba itakuwa kidole cha upande huu, na iliyo mbali inajua itakuwa cha upande ule. Na zile zilizo katikati ya vidole zinapata habari yao: nyie mfe, muache nafasi. Zinakufa, na vidole vinaachana.

Kisha nilieleza jinsi habari inavyoingia. Kwa kawaida mjumbe haingii ndani ya chembe. Anafika mlangoni, anapokelewa na mwingine, huyo anampa mwingine, mpaka habari ifike katikati, mahali maamuzi yanapokatwa. Nikawaambia ni kama bukwe. Hapo darasa lilicheka, maana wote walijua. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anapisha na kugeuza uso. Ni heshima, si ugomvi. Mkwe akitaka kumwambia mkwewe neno, anampa mtu wa katikati alipeleke.

Msichana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono.

"Prof, na kama ile habari haifike?"

"Basi utapata bata," nikasema, nikawaonyesha vidole vyangu nimevibana pamoja.

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na nilirudi nyumbani nikijiona hodari.

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mwezi huohuo mama yake alifika kutoka kaskazini, alikokimbia vita. Alikuwa ametembea siku nyingi, hana kitu ila furushi la nguo na sufuria. Tulimpa chumba kidogo karibu na jiko, upande wa pili wa uwanja. Niliambiwa amefika, kumwona sikumwona. Kabla sijatoka nje nilikohoa, naye alisikia akaingia ndani. Mimi nami nilijifunza hatua zake. Zilikuwa mbili zisizolingana, moja ndefu na moja fupi ya kuburuta, na nikizisikia niligeukia ukuta mpaka zipite. Nilidhani ni uchovu wa safari. Tuliishi hivyo, uwanja mmoja, na sikuwa najua kama yeye ni mrefu au mfupi.

Habari za mayai zilimfikia mama mkwe kupitia majirani. Wanawake walisema mume wa mtu mwenye mimba hawezi kuwa anavunja viumbe kabla havijamalizika, kwamba huo ni mwiko mkubwa. Niliwacheka waziwazi. Niliendelea kuvunja mayai yangu mpaka likabaki moja, nalo niliacha kulivunja kwa sababu tu siku hiyo shule ilifungwa, askari walitaka kulala madarasani. Yai lile lilianguliwa peke yake. Kifaranga nilikileta nyumbani mfukoni, pamoja na mama yake chini ya kwapa.

Mtoto wetu alizaliwa asubuhi, msichana, mzima, mwenye sauti. Nilimhesabu vidole kama kila baba anavyofanya, na kwenye mkono wa kuume hesabu ikanikatalia. Kidole cha kati na kile kinachokifuata vilikuwa kitu kimoja, ngozi moja kutoka chini mpaka kwenye kucha. Nilisikia darasa zima likicheka kichwani mwangu.

Nilijua sayansi yake. Ningeweza kuichora ubaoni. Lakini nitasema ukweli: niliogopa kama mtu yeyote, na usingizi ulinitoroka. Mtaani walisema ni mayai. Mchana nilibishana nao, na nikiwa peke yangu nilijiuliza kama hawasemi kweli. Nilikuwa nashika ule mkono mdogo, nauachia, nazunguka uwanja, narudi naushika tena.

Mke wangu alikuja kwangu siku ya tatu.

"Mama anasema mutoto asikatwe bidole."

"Juu ya nini?"

"Anasema tu asikatwe."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu." Aliangalia pembeni, akaanza kumfunga mtoto upya ingawa alikuwa amefungwa vizuri.

Damu ilinichemka. Nikaona mama mkwe ni wale wale, anafikiri mizimu imeandika kitu kwenye mkono wa binti yangu na mimi niheshimu maandishi. Nikamwambia mke wangu apeleke jibu: mimi ni baba wa mtoto na najua ninachofanya. Sijui kama alilipeleka.

Daktari wa upasuaji wa mji alikuwa ameondoka na treni moja akiahidi kurudi, na reli ikakatika nyuma yake. Alibaki muuguzi mmoja katika kituo cha afya jirani na stesheni, mtu mchangamfu, mwenye mikono myepesi. Mtoto alipofika miezi mitatu nilimwonyesha mkono kwa kuuchora kwenye karatasi. Akasema ni kazi ya dakika kumi, wembe mpya na uzi, atakata katikati moja kwa moja. Ila Alhamisi anaondoka na askari kwenda upande wa mapigano, wameshamwandika. Baada ya Alhamisi hakuna mtu. Mji wote ulikuwa unasema adui anakaribia, na mimi nilikuwa nawaza tukikimbilia porini na mtoto huyu, tukatawanyika, akakua na mkono huu na watu wakimwita bata. Neno lilikuwa langu mwenyewe, na ndilo lililonisukuma.

Jumatano asubuhi mke wangu alikwenda kuchota maji. Alipotoka tu, nikamchukua mtoto, nikamfunga katika kitenge, nikatia wembe mfukoni na kuondoka haraka. Sijivunii. Mwanaume anayeiba mtoto wake mwenyewe anatembea vibaya. Nilikuwa najikwaa barabarani ambapo hapakuwa na jiwe. Mtoto alikuwa macho, ananitazama, wala halii.

Nilikuwa sijafika mahali barabara inapokata reli niliposikia hatua nyuma yangu. Moja ndefu, moja fupi ya kuburuta. Zilikuwa za mtu anayekimbia kadiri anavyoweza. Nikafanya nilichofundishwa tangu utoto: nikapisha pembeni, nikageuza uso kwenye ua wa mianzi, nikangoja apite.

Hakupita. Hatua zilisimama nyuma yangu kabisa, nikasikia anavyohema.

"Mukwe," akasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikinielekea. Watu wawili wenye baiskeli waliokuwa wakipita walishuka, wakasimama kando, kisha wakaona ni bukwe inavunjwa, wakaondoka upesi bila kutazama nyuma.

"Mukwe, minyi niko na haya. Lakini utageuka. Usiangalie uso. Angalia huku chini."

Nikageuka huku macho yangu yakiwa ardhini. Alivua ndara zake za plastiki. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole viwili vilivyoshikana, ngozi moja mpaka kwenye kucha, sawasawa na mkono niliokuwa nimeubeba. Mguu wa kuume vilikuwa vimeachana, na katikati yake palikuwa na kovu jeupe, nene kama kamba. Kovu lilikuwa limevuta kidole kimoja likakikunja juu ya mwenzake, na unyayo wote ulikuwa umepinda kukifuata.

"Huu, mama yangu alikata na wembe, nilikuwa mutoto mudogo," akasema. "Ule hawakukata. Nililia sana, bakauacha. Nimetoka kule kwetu na miguu. Sasa weye niambie, ni muguu gani ulinileta hapa."

Nikatoa wembe mfukoni, nikauweka chini kati yetu. Aliuokota. Kisha akavaa ndara zake, akageuka, akaenda mbele yangu kurudi nyumbani, na mimi nikamfuata kwa mbali na mtoto, macho kwenye vumbi.

Mke wangu alikuwa amekaa chini uwanjani, ndoo imemwagika. Aliponiona na mtoto mzima alilia, kisha akasema yote.

"Aliniambia tangu siku ya kwanza. Alisema, ambia bwana yako: hii iko kwetu, nkambo yangu, mama ya mama, alikuwa nayo, minyi niko nayo, ikikatwa na wembe inapinda. Nilikuletea nusu tu."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa. Utasema jamaa ya kwetu ndio ilileta. Batu balishasema ni mayai yako. Nikaacha ibaki mayai."

Nilikasirika sana. Miezi mitatu nilikuwa nimebeba lawama ya mtaa mzima na mke wangu analala kando yangu anajua. Nikazunguka uwanja mara sijui ngapi. Lakini kila nikipanga maneno makali, nilisikia kicheko cha darasa, na nikakumbuka ni nani aliyesema bata. Angeniambia nini mtu kama mimi? Nikakaa chini karibu naye. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo kukaa kabla ya jua kuzama.

Bukwe ikivunjwa hurekebishwa kwa kuku, na anayetoa ni aliyevunja. Mama mkwe hakuwa na kuku. Alikuwa na sufuria. Basi nilimpa mke wangu yule kifaranga wa yai la mwisho, ambaye sasa alikuwa ameshakuwa kuku mzima. Mke wangu akampelekea mama yake kimyakimya. Mama yake akamrudisha kwa mke wangu kwa sauti, mbele ya majirani wawili, aniletee mimi kwa heshima. Kuku akazunguka uwanja mzima akarudi mahali alipotoka, na tangu saa ile mimi na mama mkwe hatukusemezana tena.

Miaka baadaye, nilipopata tena vitabu, nilisoma kwamba kwa bata ile habari ya kufa inatumwa kama inavyotumwa kwa kuku. Haikosi kutumwa. Kuna kitu kingine katikati ya vidole kinachoikamata kabla haijafika mlangoni. Nilifunga kitabu, nikatoka nje kutembea.

Vita vilipopoa mama mkwe alirudi kwao kwa miguu, akafia huko. Habari ya msiba ilitufikia imepitia watu watatu. Treni zilipoanza tena, daktari mmoja wa Lubumbashi alivitenganisha vidole vya binti yetu. Hakukata moja kwa moja. Alikata kwa kwenda na kurudi, kisha akashonea kipande cha ngozi kilichotoka pajani. Vidole vinanyooka. Anaandika vizuri kuliko mimi.

Jioni moja, akiwa na miaka kama tisa, aliniuliza habari za bibi yake: "Papa, nkambo alikuwa namna gani?"

Nilisimama, nikazunguka kidogo. Uso sikuwahi kuuona. Nikachukua kijiti, nikamchorea chini miguu miwili, mmoja wenye vidole vilivyoshikana na mmoja uliopinda. Aliitazama, akauliza ule mgonjwa ni upi. Nikamwonyesha ule uliokatwa.