Walinda Sweta

Niliajiriwa kufyeka nyasi. Mtu akiniuliza nilivyopata kuwa mwalimu wa michezo huwa naanzia hapo, asije akadhani nina cheti. Shule niliiacha darasa la saba. Nimekata miwa, nimefyatua matofali, nimepukuchua mahindi ya watu kule Likuyani, na kila mahali nilitaka kujua kitu kinafanyaje kazi, nikishajua, naondoka. Shule iliyoniajiri kufyeka, karibu na Lurambi, niliipa wiki mbili.

Wiki ya pili, kipindi cha michezo, madarasa yalimwagika uwanjani. Watoto saba wa kitengo maalum waliletwa pia, wakaketishwa kando ya ua. Wenzao wakawapitia wakivua sweta na kuwatupia mapajani. Mpira ulipoanza, msichana mmoja alikuwa amefunikwa hadi kidevuni. Miguu yake haikuwahi kumbeba. Alitembea kwa mikono, patapata, zile ndala za mpira, amezivaa viganjani.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Mimi ni mlinda sweta," alisema, kama mtu anayetaja cheo. "Tangu darasa la kwanza. Sijawahi kupoteza hata moja."

Nilienda moja kwa moja kwa naibu wa mwalimu mkuu, slasha ya kufyekea ingali mkononi. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Kwani wewe wa nyasi unataka wacheze nini?"

"Chochote, madam."

"Wewe unapendanga maneno. Haya, shika filimbi. Mwalimu wao alihamishwa na hakuna mwingine anawataka."

Ndivyo nilivyoanza ualimu: kwa kutukanwa, na filimbi ya mtu mwingine yenye alama za meno.

Sikujua lolote. Nilitia vifuniko vya soda ndani ya mpira wa makaratasi ya nailoni ili watoto wawili wasioona wausikie ukija. Nilivaa patapata za yule msichana mikononi na kujaribu kuvuka uwanja kama yeye. Sikufika hata katikati. Mabega yaliwaka moto, naye akacheka hadi akalala chali. "Mwalimu, wewe ni mzito kama gunia la mbolea!" Kisha akaacha kucheka, akaniambia anachotaka. Alitaka kushindana mbio. Si kutambaa. Mbio, kwenye kiti cha magurudumu, goli hadi goli, ajue yeye ni wa ngapi.

"Kiti kiko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye stoo.

Vilikuwa vitano, nyuma ya magunia ya maharagwe, nailoni haijatolewa. Naibu ndiye aliyekuwa na ufunguo.

"Hivyo ni vya wageni," aliniambia.

"Wageni wanaumwa miguu?"

"Wafadhili wakikuja wakute vimeharibika, watatuletea vingine? Watoto wataviingiza kwenye matope."

Nilirudi kwake mara tatu, na mara ya tatu alinifungia mlango. Huyo mama hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kila Ijumaa alivipangusa vumbi kwa mkono wake. Alivipenda vile viti. Alivitunza kuliko alivyowahi kumtunza mtoto yeyote aliyestahili kuvikalia.

Basi nikangoja wageni. Walipokuja, viti vilitolewa, watoto watano wakapandishwa, wakapigwa picha, wakaimba. Wageni wakaingia ofisini kunywa chai. Nikawasukuma watoto hadi kwenye mstari niliouchora kwa majivu alfajiri, nikapuliza filimbi.

Mvua ya jana yake ilikuwa imeacha dimbwi katikati ya uwanja. Msichana wangu alikuwa wa pili alipoingia humo. Gurudumu likazama. Akasukuma, likazidi kuzama. Wa tatu akampita, wa nne akampita, na mimi, mjinga, nikakimbia nikashika vishikio nikamsukuma.

Alivua patapata mkononi akanipiga nayo usoni.

"Toa mkono! Nani amekuita?"

"Ulikuwa umekwama..."

"Nilikuwa nakimbia!"

Nimewahi kupigwa na wanaume kwenye mashamba ya miwa. Hakuna aliyenipiga akaniumiza vile. Hasira yote niliyoielekeza kwa naibu tangu siku ile ya kwanza ilinirudia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimefanya kitu kilekile: niliona mtoto, nikaona kitu cha kutunzwa.

Naibu alikuwa anakuja mbio huku ameinua sketi, akipiga kelele, "Magurudumu! Angalieni magurudumu!" Wageni walitoka na vikombe.

Msichana hakumtazama. "Hii haihesabiki," aliniambia. "Nilisukumwa. Turudie."

Wale wanne walikuwa wamegeuza viti tayari. Nilisimama mbele ya naibu, mgongo wangu ukimzuia, na kupuliza filimbi mara ya pili. Safari hii msichana alilikwepa dimbwi. Akawa wa tatu.

"Wa tatu," alisema akihema, akiwa ameshikilia mlingoti wa goli. Alisema tena, "Wa tatu," kama anayejifunza jina lake.

Viti vilioshwa na kufungiwa jioni hiyohiyo. Mpaka leo naandika barua, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, na mpaka leo ninaambiwa suala linashughulikiwa. Nimepita wiki mbili zangu kwa mbali sana. Siondoki. Kitu hiki kinachofungia viti sijakielewa kinavyofanya kazi, na sitaki kukielewa, nataka kukivunja.

Jumatatu iliyofuata zile mbio, mvulana wa darasa la sita alimpitia msichana akamtupia sweta mapajani kama kawaida. Aliichukua, akaikunja vizuri, akaitupa dimbwini.

Mvulana akanijia analia. "Mwalimu, ametupa sweta yangu!"

"Kaiokote," nikamwambia. "Una miguu."